Mtoto anapoandika 305 badala ya 35

Jioni moja binti yangu wa darasa la kwanza aliniletea daftari la Hisabati. Mwalimu aliwatajia namba, wao waziandike kwa tarakimu. Kwenye "thelathini na tano" alikuwa ameandika 305. Kwenye "arobaini na mbili" ameandika 402. Zote zimekoseshwa kwa kalamu nyekundu.

Nikafanya kosa ambalo wazazi wengi hulifanya. Nilimwandikia 35, nikamwambia aiandike mara ishirini. Akaandika huku akifuta machozi. Kesho yake nikamtajia sitini na nane. Akaandika 608.

Nilitaka kupandisha sauti, lakini nikajizuia na kumuuliza kwa nini ameandika hivyo. Akanionyesha kwa kidole: "Mama, sitini si hii hapa? Na nane si hii?"

Mzazi mwenzangu, mtoto huyu hakuwa mzembe. Alisikia sitini akaandika 60, akasikia nane akaweka 8 mbele yake. Kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha ni kwamba tarakimu hubadilika thamani kulingana na mahali ilipokaa. Ile 6 ya kwenye 68 si sita, ni makumi sita. Walimu huita jambo hili thamani ya nafasi, na kuliandika mara ishirini hakumfanyi mtoto alielewe. Anahitaji kulishika kwa mikono.

Lugha nayo ina mchango wake. Tunaposema "kumi na tatu", neno lenyewe linataja kumi na linataja tatu. Lakini ishirini, thelathini hadi tisini ni maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu, na mtoto hasikii ndani yake "makumi mawili" wala "makumi matatu". Anayesoma shule ya Kiingereza ana mtihani mwingine: thirteen na thirty zinakaribiana mno masikioni.

Anza na vijiti

Chukua chelewa za ufagio mkavu, zikate urefu wa kidole na uondoe ncha kali. Tafuta pia mipira ya kufungia au vipande vya uzi. Maharage na vizibo vya soda vinafaa kuhesabia, lakini vijiti vina faida moja kubwa: vinafungwa na kufunguliwa. Kama kuna mdogo wake nyumbani, angalia asiweke vitu hivi mdomoni au puani.

Mpe mtoto lundo la vijiti 35 bila kumtajia idadi. Mwambie ahesabu, na kila vikifika kumi avifunge pamoja kama fungu la mchicha. Afunge mwenyewe, hata kama anachelewa. Akimaliza, muulize: una mafungu mangapi? Vimebaki vijiti vingapi?

Kisha fungua fungu moja, ahesabu tena. Usiruke hatua hii. Hapo ndipo anapoona kwamba fungu ni kitu kimoja, na papo hapo ni vitu kumi.

Sasa chukua kipande cha boksi, kigawe kwa mstari. Kulia ni nyumba ya mamoja, kushoto ni nyumba ya makumi. Sheria ni moja tu: kwenye nyumba ya mamoja hawakai zaidi ya tisa. Wakifika kumi, wanafungwa na kuhamia kushoto. Baada ya kupanga, aandike chini ya kila nyumba idadi anayoiona: 3 na 5.

Binti yangu alipoandika 35 chini ya vijiti vyake, nilimwomba sasa atengeneze ile 305 yake ya daftarini. Nikamweleza kuwa mafungu kumi ya kumi yakifungwa pamoja yanakuwa mia, na hapa zinatakiwa mia tatu. Akatazama vijiti, akanitazama. "Mama, hivi havitoshi!" Tukacheka wote wawili. Tangu siku hiyo aliiona tofauti ya 35 na 305.

Sifuri nayo inaeleweka hapa. Panga mafungu matatu bila kijiti cha pembeni. Nyumba ya mamoja haina mtu, kwa hiyo tunaandika 0 kuilinda. Tukiiacha wazi, itabaki 3 peke yake.

Kujumlisha na kutoa

Panga 27, kisha ongeza 15. Vijiti 7 na 5 vinakuwa 12. Funga kumi, hamishia kushoto, vibaki 2. Mafungu sasa ni manne. Jibu ni 42. Hii ndiyo ile "andika 2, beba 1" tuliyokariri wengi wetu bila kujua tunabeba nini.

Kwenye 42 toa 17, watoto wengi huandika 35, kwa sababu wanaona 2 haitoi 7, basi wanageuza: 7 toa 2. Kwa vijiti hawezi kugeuza. Ana vijiti viwili, anatakiwa kuondoa saba. Afungue fungu moja, apate 12, aondoe 7, vibaki 5. Kwenye mafungu matatu yaliyobaki aondoe moja. Jibu ni 25. Sisi tulifundishwa "kukopa", lakini hapa hakuna deni. Amefungua fungu lake mwenyewe.

Pesa zifuate baadaye. Sarafu kumi za shilingi 100 kuwa noti ya 1,000 ni zoezi zuri, lakini noti haionyeshi kwa macho kwamba ndani yake mna sarafu kumi. Fungu la vijiti linaonyesha.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Usiharakishe kuviondoa vijiti. Akizoea, achore mstari badala ya fungu na nukta badala ya kijiti, kisha abaki na tarakimu peke yake. Wangu bado hukosea siku nyingine, lakini sasa hukaa kidogo, hunong'ona "makumi mangapi?" na kujisahihisha.

Ukikuta 305 kwenye daftari la mwanao leo, kwanza muulize amefikaje hapo. Halafu mkakate chelewa.