Wito na Mwenzi wa Njia



Kila mwaka, wakati wale wa mwisho wanajitayarisha kwa ekzeta, swali ni moja tu katika uwanja wa masomo: “Kisha diplome utafanya nini?” Majibu tunayajua sisi wote. Mmoja anasema daktari, kwa sababu baba amekwisha kusema. Mwingine anasema avoka wa tribinali, kwa sababu mjomba wake ni avoka na ana gari. Wa tatu anajibu kwa sauti ndogo: “Sijue, niko naomba.” Sisi tunamheshimu huyu wa tatu kupita wale wawili. Lakini tunamuuliza: unaomba na nani?

Hapo ndipo penye neno letu. Tunaona kwamba mwanafunzi mkristo hawezi kuutambua wito wake akiwa peke yake. Na tena hapaswi kupewa wito na mtu, sawa vile anavyopewa buletini mwisho wa mwaka. Anahitaji mwenzi wa njia: mtu aliyekomaa katika imani, anayesikiliza, anayeuliza, anayeomba pamoja naye, kisha anamwacha ajibu mwenyewe mbele ya Mungu.

Wengine watatupigia kelele: “Mambo hayo ni ya Wakatoliki! Ni wale wa Alfajiri, kwa Wajezuiti, ndio wako na padri wa kuongoza roho.” Ni kweli, Wajezuiti wanaijua kazi hiyo tangu siku za Ignasi wa Loyola, na hatuoni haya kusema kwamba wanaifanya vizuri. Lakini haikuanza kwao. Fungueni 1 Samweli 3.

Samweli aliitwa mara tatu, na mara tatu akakimbia kwa Eli akidhani ni yeye anayemwita. Alikuwa analala hekaluni, karibu na sanduku la Mungu, na bado hakutambua ile sauti! Sasa muangalie Eli ni mtu wa namna gani: mzee, macho yamefifia, watoto wake wamemshinda. Si mtu ambaye tungemchagua. Hata hivyo yeye ndiye aliyefahamu kwamba Bwana anamwita kijana. Wala hakusema, “Kaa hapa, nitasikiliza mahali pako.” Alimrudisha kitandani, akamfundisha tu namna ya kujibu. Asubuhi akamuuliza ameambiwa nini. Ujumbe ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake yeye mwenyewe Eli, naye hakumfunga mtoto kinywa. Sisi tunasema mwenzi wa njia ni huyo.

Na si katika Biblia peke yake. Mwaka 1929, pale Namirembe katika mji wa Kampala, mganga Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Uamsho ule wa Walokole, uliosambaa katika miaka ya 1930 mpaka Burundi, Kenya na Tanganyika, una mzizi wake mmoja katika urafiki huo wa watu wawili. Desturi ya Walokole ni kukutana, kuungama na kuulizana. Mtu akitaka kuoa au kugeuza kazi, analeta neno lake mbele ya ndugu. (Jambo hili nalo lina hatari yake: kundi la ndugu likikosa upendo, linageuka kuwa polisi.)

Lakini kwa nini twende mbali? Daktari Denis Mukwege alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa bado mdogo alikuwa akimfuata baba yake kuombea wagonjwa. Siku moja, mbele ya mtoto mgonjwa, akamuuliza baba yake kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si mganga, kazi hiyo ni ya wale walioisomea. Basi mtoto akasema yeye atatoa dawa, na baba ataomba.

Tunapenda sana jibu la yule mchungaji. Hakukasirika. Alikubali kwamba kuna kazi ya Mungu ambayo si yake, wala hakumwambia mtoto wake, “Utakuwa mchungaji sawa mimi.” Na msifikiri kwamba kuanzia siku ile njia ilinyooka. Kisha kupata diplome mwaka 1974, Mukwege alisoma kwanza miaka miwili Kinshasa katika mambo ya uinjinia. Mwaka 1976 ndipo akaanza udaktari Bujumbura, akamaliza 1983. Alifikiri atakuwa daktari wa watoto. Huko Lemera aliona namna wanawake wanavyokufa kwa uzazi, akaenda kusomea magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, akarudi Lemera 1989. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Panzi ilianza 1999. Watu wanasemaka juu ya tuzo ya Nobeli ya 2018. Sisi tunatazama zaidi ile miaka ambayo hakuna aliyejua itafika wapi. Wito ulifunguka kidogo kidogo, na mara nyingi ni mgonjwa aliyeufungua.

Sasa tuseme neno lililo gumu. Katika mji wetu kuna vyumba vya maombi ambamo kijana anaingia na swali na anatoka na amri. Mwenzetu mmoja aliambiwa, “Mungu amesema acha masomo, huduma inakungoja.” Wazazi wake walikuwa wamekwisha kulipa minervali kwa shida. Aliacha. Leo huduma haionekani, na yule aliyemwambia hamuulizi tena habari. Hatukatai unabii. Lakini Eli alijua kumrudisha kijana kwa Mungu. Huyu alimfunga kwake. Mtu akikuomba feza kwa ajili ya kukutafutia wito, au akikukataza kuwaambia wazazi wako, au akitaka mkutane penye mlango uliofungwa, kimbia, hata kama ana Biblia kubwa.

Na wazazi wetu, kwa heshima yote, nao wakumbuke. Seksio ya pedagoji inadharauliwa, eti ni ya wale walioshindwa na hesabu. Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa watoto. Nani atawafundisha, kama kila mtu mwenye akili anasukumwa kwenda kuwa daktari? Wako kati yetu wanaopenda kufundisha na wanaona haya kusema nyumbani. Hao ndio wanaohitaji mwenzi mapema.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya Bwana Prefe na omonye wetu. Kila mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho achague mkristo mmoja aliye mkubwa kwake: mwalimu, muuguzi, fundi, mama wa kanisa. Wasichana wawe na mama, wavulana wawe na baba. Wakutane mara moja kwa mwezi, mahali panapoonekana na watu, na yanayosemwa yawe siri yao, isipokuwa kama mtoto yuko katika hatari. Saa ya ibada ya Ijumaa inaweza kutosha, tukifupisha matangazo. Walimu ambao wako tayari waandike majina kwa omonye. Tumekwisha kuuliza wawili, na wa kwanza alitujibu: “Lakini mimi mwenyewe sina mwenzi.” Tulimwambia aandike jina vilevile, na atafute wake.