Swichi Ndani ya Tangi la Mafuta

Familia yenye msafiri wa Hija au Umra huuliza mengi kabla ya siku ya kuondoka. Huuliza habari za viza, chanjo, uzito wa mizigo na umbali wa hoteli kutoka Haram. Ni nadra mno mtu kuuliza juu ya ndege yenyewe. Wiki hii tumeona tuizungumzie ndege, wala si mabawa yake wala injini, bali kitu kidogo kilichojificha ndani yake: swichi ya umeme.

Swichi kila mmoja wetu anaijua. Ukizima taa usiku, mara nyingine utaona mwanga wa buluu ukimeta ndani ya kidude cha ukutani. Hiyo ni cheche, nayo huzaliwa pale vipande viwili vya chuma vinapoachana ilhali umeme ungali ukipita. Pale ukutani haidhuru, kwa kuwa hakuna cha kuwaka karibu yake. Iweke swichi hiyo ndani ya chombo chenye mvuke wa mafuta, na hesabu inabadilika kabisa.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba ndege za abiria zina swichi ndani ya matangi ya mafuta, pamoja na nyaya za kuzilisha umeme. Zimo, na sababu yake ni ya maana. Mafuta ya ndege huwekwa ndani ya mabawa, na katika ndege nyingi kubwa lipo tangi jingine tumboni, baina ya bawa na bawa, chini ya sakafu ya abiria. Wakati wa kujaza, lazima kiwepo kitu cha kusema yatosha. Kazi hiyo hufanywa na boya, ndugu wa lile linaloelea katika tangi la maji juu ya paa. Mafuta yakipanda, boya hupanda nayo. Likifika kikomo, swichi iliyofungamana na boya huchukua hatua, na vali ya kuingizia mafuta hujifunga.

Mafuta yenyewe ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa tunayotia katika kandili. Hayana hamaki ya petroli. Yakiwa ya baridi hutoa mvuke haba usioweza kushika moto. Yakikaribia joto la nyuzi 38 za Selsiasi ndipo mvuke wake huanza kuwa tayari kuwaka. Hata hivyo wahandisi hawakuitegemea tabia hiyo. Kanuni waliyoishika kwa miaka mingi ilikuwa hii: chukulia kwamba mvuke upo siku zote, kisha hakikisha hakuna cha kuuwasha. Ni kanuni nzuri katika karatasi. Inahitaji tu kwamba kila waya, kila kizibo na kila swichi iwe salama kwa umri wote wa ndege, na ndege huishi miaka 20, 30 na zaidi.

Tarehe 11 Mei 1990, katika uwanja wa ndege wa Manila, Ufilipino, ndege aina ya Boeing 737-300 ya shirika la Philippine Airlines ilikuwa ikisukumwa nyuma, tayari kwa safari ya kwenda Iloilo. Haikuwa ndege kuukuu; ilikuwa haijatimiza mwaka kazini. Injini zilikuwa bado hazijawashwa. Ghafla tangi la kati lililipuka. Kati ya watu 120 waliokuwamo, 8 walifariki.

Uchunguzi ulipoanza, mambo kadhaa yalijitokeza, na kila moja peke yake lisingeitia mtu hofu. Tangi la kati lilikuwa karibu tupu, kwani halikuwa limejazwa tangu mwezi Machi. Hapa wengi hukosea kufikiri, wakidhani tangi lililojaa ndilo la kuogopwa. Sivyo. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa, na pasipo hewa mvuke hauwaki. Tangi lenye mafuta kidogo yaliyobaki sakafuni ndilo hujaa mchanganyiko wa hewa na mvuke. Tena siku ile ilikuwa ya joto la nyuzi 35, na mashine za kupoza hewa, ambazo katika ndege ya aina hiyo hukaa chini ya tangi la kati, zilikuwa zikifanya kazi kwa muda mrefu ndege ikiwa imesimama. Mashine hizo zikipoza hewa ya abiria, zenyewe hupata moto. Hivyo ubaridi walioufurahia abiria juu ulikuwa ukilipasha joto tangi lililokuwa chini yao.

Ikabaki cheche. Shirika lilikuwa limeongeza taa za kumulika nembo yake mkiani, na nyaya za taa hizo zikapitishwa katika vizibo vilevile vilivyopitisha nyaya za swichi za boya. Wachunguzi wa Marekani walioshiriki waliona kwamba huenda nyaya zilizochubuka na swichi ya boya iliyokuwa na kasoro vilishirikiana: nyaya zikaipelekea swichi umeme mfululizo, nayo swichi ikapata joto kali au ikatoa cheche. Taa ya mapambo, kwa maneno mengine, iliungwa na kifaa cha lazima katika tundu moja. Sisi tuliowahi kusimamia ukarabati wa majengo ya misikiti tunaijua tabia hii ya fundi kupitisha waya mpya pale palipo na tundu tayari.

Miaka 6 baadaye, Julai 17, 1996, Boeing 747 ya shirika la TWA iliondoka New York kuelekea Paris ikiwa na watu 230. Baada ya kama dakika 12 angani ililipuka na kuanguka baharini karibu na Long Island. Hakuna aliyesalimika. Ndege hii ilikuwa na umri wa miaka 25, na jioni ile ilikaa uwanjani kwa saa nyingi huku mashine za kupoza hewa zikifanya kazi chini ya tangi la kati lililokuwa karibu tupu. Mabaki yalivuliwa kutoka baharini na sehemu kubwa ya umbo la ndege ikajengwa upya, kipande kwa kipande, ndani ya banda huko Calverton. Uchunguzi ulichukua miaka 4. Hitimisho la mwaka 2000 likawa kwamba mvuke wa tangi la kati uliwaka, na kwamba chanzo chenye uwezekano mkubwa zaidi ni hitilafu ya nyaya nje ya tangi, iliyopenyeza umeme mkali kupitia nyaya za kipimo cha mafuta. Safari hii haikuwa swichi ya boya. Ilikuwa jirani yake.

Uchunguzi ulipokuwa ukiendelea, kilifanyika jambo ambalo laiti lingefanyika mapema: matangi ya ndege zilizokuwa zikiruka kila siku yalifunguliwa, na watu wakatazama ndani. Mwezi Mei 1998 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru Boeing 737 za zamani zilizopita saa 50,000 za kuruka zisiruke tena mpaka nyaya za pampu zake za mafuta zikaguliwe, kwa kuwa ukaguzi wa awali ulikuta nyaya zilizochubuka ganda ndani ya mifereji yake. Kisha, Machi 3, 2001, huko Bangkok, Boeing 737-400 ya Thai Airways ililipuka ikiwa imeegeshwa, abiria bado hawajapanda. Mhudumu mmoja alifariki. Waziri Mkuu wa Thailand alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kusafiri nayo, basi watu wakakimbilia kusema ni bomu. Wachunguzi wakarudi palepale: tangi la kati, joto la mchana, na pampu zilizoachwa zikizunguka ndani ya tangi lisilo na mafuta.

Mwaka huohuo wa 2001 Marekani ilitoa kanuni iliyowalazimu watengenezaji kupitia upya mifumo yote ya matangi, ili kasoro yoyote moja isitoshe kuzaa cheche. Kutokana na mapitio hayo zikaja amri nyingi za kubadilisha vifaa. Katika Boeing 737 za vizazi mbalimbali, kazi iliyoamriwa ni kutoa swichi za boya zilizokuwamo, kuweka za aina mpya, na kuvisha ganda la kinga ndani ya mifereji inayopitisha nyaya zake. Pampu nazo zikawekewa kifaa cha kuzizima zenyewe tangi linapokauka.

Tuiangalie kidogo amri yenyewe, maana ndiyo kiini cha usalama wa msafiri. Amri ya namna hii hutolewa na mamlaka ya nchi iliyoidhinisha muundo wa ndege: Marekani kwa Boeing, Ulaya kwa Airbus. Inataja aina ya ndege, kasoro, kazi ya kufanywa na muda wa kuikamilisha. Muda ukipita bila kazi kufanyika, ndege haina ruhusa ya kuruka. Fundi akimaliza hutia saini, na karatasi hiyo hukaa katika kumbukumbu za ndege, ikiifuata hata ikiuzwa kutoka nchi hadi nchi. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika kumbukumbu za vikao huenda tunapendelea, lakini tunaamini hakuna chombo cha uokozi ndani ya ndege kinachoishinda saini hiyo, ikiwa ni saini ya kweli.

Ugumu wake ni kwamba swichi inayotolewa aghalabu ni nzima. Imefanya kazi jana, na ingefanya kazi kesho. Mwenye ndege anaambiwa aiegeshe, afungue tangi, atoe kifaa ambacho hakijamkosea, alipe mafundi na akose nauli za siku hizo. Wala tusiwacheke wafanyabiashara wa anga kwa kulalamika, kwani nyumbani kwetu soketi ikianza kunuka plastiki iliyoungua tunachomoa pasi na kuchomeka feni palepale.

Wapo walioona kwamba kubadilisha swichi hakutoshi, kwa kuwa huwezi kuhesabu kila cheche. Wakataka mvuke wenyewe unyimwe uwezo wa kuwaka, kwa kujaza nafasi tupu ya tangi hewa yenye naitrojeni nyingi na oksijeni kidogo. Mwaka 2001 kamati ya wadau ilisema gharama yake inazidi faida. Wahandisi wa mamlaka hawakukubali kuishia hapo. Wakaunda mfumo mwepesi zaidi unaochuja naitrojeni kutoka hewa ya kawaida, na mwezi Julai 2008 ukafanywa sharti. Ndege zilizokuwa zikiruka tayari zilipewa takriban miaka 10 kutimiza. Hesabu ile ya gharama na faida, tukiri, hufanywa kwa kupima thamani ya roho zinazotarajiwa kuokolewa. Ni hesabu ngumu kuisoma kwa mtu aliyefiwa, lakini ndiyo inayoamua kitakachobadilishwa na kitakachoachwa.

Haya yote yanatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki? Ndege hizohizo zinatubeba. Amri inayotoka Marekani au Ulaya haijitekelezi yenyewe. Lazima mamlaka ya nchi ndege ilikosajiliwa iipokee, iisimamie, na itume mkaguzi kutazama kama kazi imefanyika. Kwa Tanzania Bara na Zanzibar mamlaka hiyo ni TCAA, na kwa Kenya ni KCAA. Mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiingiza Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake, na Juni 2025 ukayaingiza mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania, ukieleza upungufu katika usimamizi. Orodha hiyo haimaanishi kwamba kila ndege yetu ni mbovu. Zipo mpya kabisa, na Boeing 787, kwa mfano, hutoka kiwandani ikiwa na mfumo wa naitrojeni. Lakini jambo lililotiliwa shaka ni lile jicho la mkaguzi na saini ya fundi tuliyoitaja. Tunaona si haki kulipuuza kwa kisingizio cha uzalendo. Wenye dhamana watueleze kwa uwazi hatua walizofikia, kwani wanaopanda ni wazee wetu.

Kwa familia zinazojiandaa na safari, wakala au taasisi inayowasafirisha haitaudhika mkiuliza kwa adabu, na ikiudhika ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa. Ulizeni jina la shirika litakaloendesha ndege, maana jina la tiketi na jina la mwendeshaji huenda yasifanane, hasa ndege inapokodiwa kwa msimu. Ulizeni imesajiliwa nchi gani. Orodha ya Umoja wa Ulaya iko wazi kwa kila mtu, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kumtazamia babu yake.

Upande wa msafiri nao una sehemu yake ya umeme. Betri za akiba za kuchajia simu zisiwekwe katika mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege. Ziingie katika begi la mkononi, mahali ambapo moshi utaonekana na mhudumu anaweza kuufikia. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kwa moto ulioanzia katika kabati la juu ya viti, na betri ya aina hiyo ikatajwa kuwa chanzo kinachoshukiwa. Watu wote 176 walitolewa wakiwa hai. Basi mnapowafungia wazazi mizigo, betri hiyo ifungeni peke yake, ncha zake zisigusane na funguo wala sarafu, na mwambieni mzee iko mfuko gani ili aweze kuitaja akiulizwa.