Jembe Lisiwe Adhabu Skulini

Hapana mzazi wa Unguja au Pemba asiyejua kwamba jembe, aghlabu, humfikia mwanafunzi kwa njia mbili: ama katika kurasa za kitabu, ama mikononi mwake siku aliyochelewa kufika skuli. Kwa njia ya kwanza hulisoma ili ajibu mtihani. Kwa njia ya pili hulishika kwa kuwa amekosa. Kisha kijana huyo huyo anapomaliza masomo, sisi wakubwa humlaumu kwa kukidharau kilimo.

Jambo hili si dogo. Wali ndio chakula chetu cha kila siku, na sehemu kubwa ya mchele tunaoula huteremshwa bandarini kutoka nje. Ardhi ya visiwa haiongezeki, bali nyumba zinazidi kuila mwaka hata mwaka. Zile eka tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingi zimo mikononi mwa wazee au zinagombewa na wajukuu. Kipande kidogo kikimwangukia kijana asiyejua namna ya kukipatia faida, mwisho wake ni kiwanja cha nyumba.

Fikra ya kufundisha kilimo skulini si ngeni. Huko Tanzania Bara, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, na katika miaka ya 1970 skuli za sekondari ziliwekewa michepuo, kilimo kikiwa mmoja wao. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, pahala pengi shamba la skuli liligeuka kuwa kazi ya mikono tu: mwanafunzi alilima, akapalilia, akavuna, bali hakuonyeshwa hesabu wala hakuelezwa sababu. Leo mafunzo ya amali yanapewa tena nafasi katika elimu ya sekondari, na sera ya elimu ya Bara, toleo la 2023, imeyawekea mkondo wake. Itakuwa hasara kubwa kurudia kosa lile lile kwa jina jipya.

Kwa maoni yetu, somo hili halina budi kufuata ardhi ilivyo. Skuli iliyoko Wete na iliyoko Makunduchi haziwezi kufundishwa shamba la namna moja. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mwanafunzi aupandae akiwa Kidato cha Kwanza atakuwa ameshaondoka kabla ya kuuchuma. Basi Pemba afundishwe kitalu, utunzaji wa mikarafuu iliyokwisha kukua, uanikaji, na upangaji wa karafuu kwa daraja. Penye mabonde, kama Cheju na Bumbwisudi, mpunga wa miezi minne unaweza kufuatwa tangu mbegu hadi ghalani ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Penye uwanda wa mawe, kama Paje na Jambiani, mwani nao ni kilimo. Akina mama wa huko wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa wanaona ule wa kotoni ukifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto. Kumwonyesha mwanafunzi kwa nini unakufa, na kwa nini watu wanajaribu kuupanda kwenye kina kirefu zaidi, ni somo la sayansi lisilohitaji maabara ya gharama.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo manne. Kwanza, kila skuli inayofundisha kilimo ipimiwe ardhi kwa jina lake, yenye maji, isije ikamegwa kesho. Pili, wapatikane walimu waliokwisha kulima: Kizimbani, ambako chuo cha kilimo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pametoa vijana wenye ujuzi ambao wakiongezewa mafunzo ya ualimu watafaa sana. Tatu, kila mwanafunzi awe na daftari la gharama na mavuno, apewe sehemu ya mauzo, na alama za mtihani zitoke shambani pia. Nne, walimu wakuu wapigwe marufuku kutumia jembe kuwa adhabu. Agizo hili la mwisho halihitaji hata senti moja.

Wizara ya elimu na wizara ya kilimo zisisubiriane. Tungependa, kabla ya mvua za masika yajayo, wananchi waelezwe bayana ni skuli zipi zina ardhi, zipi zina mwalimu, na zipi zinafundisha kilimo ubaoni tu.