Fumbo la Maneno Lijazwe kwa Penseli

Gazeti la maktaba yetu ni moja tu, nasi tunaoligombea ni wengi. Kila siku huwa na fumbo la maneno lenye mada yake. Juzi ilikuwa wanyama wa baharini. Swali moja lilisema: ana minyiri minane. Mwenzetu alikwisha andika NGISI, tena kwa wino! Herufi tano zilimtosha. Lakini ngisi ana kumi. Mwenye minane ni PWEZA, na majina hayo hayalingani hata herufi moja. Basi maneno yote ya kushuka yakakataa kukaa, nasi tuliofika baada ya chakula tukakosa fumbo la siku ile. (Mwenyewe alikuwa uwanjani akicheza mpira.) Naona yafaa mwalimu wa maktaba afunge penseli mezani kwa uzi, na kalamu za wino zibaki mlangoni.