Mbwa Anapovuka Bahari: Kinga ya Micheweni Haianzii Bandarini

Mbwa anayehamishwa kutoka Pemba kwenda Ulaya huianza safari yake miezi mingi kabla ya kupanda ndege. Kwanza huwekewa chini ya ngozi chipu ndogo yenye namba ya utambulisho. Kisha huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, naye awe ametimiza umri wa majuma 12. Baada ya siku zisizopungua 30 hutolewa damu, na damu hiyo hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa ili kupima kiwango cha kinga. Hata kiwango kikifika yuniti 0.5 kwa kila mililita, mwenye mbwa bado hana ruhusa ya kuondoka. Hana budi kungoja miezi mitatu kamili tangu siku damu ilipotolewa. Uingereza nayo hufuata utaratibu wa namna hiyo kwa mbwa wanaotoka Tanzania. Marekani, tangu Agosti 2024, haimpokei mbwa asiyetimiza miezi sita wala asiye na chipu, na Tanzania imo katika orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya ugonjwa huu.

Mgeni aliyefanya kazi kwa mkataba katika hoteli za rasi ya Kigomasha, akafuga mbwa, kisha akayajua masharti hayo wiki mbili kabla ya tarehe ya tiketi yake, hubaki na mambo mawili tu ya kuchagua: kuahirisha safari, au kumwacha mbwa nyuma. Akimwacha bila mwangalizi wala chanjo, mbwa huyo huongeza idadi ya mbwa wasio na kinga katika shehia.

Sasa na igeuzwe safari. Mbwa huyo angetolewa Tanga au Unguja na kuletwa Micheweni ndani ya mashua, bahari ya kuvuka ni takriban kilomita 50 tu. Angeshuka kwenye diko pamoja na nyavu na madumu, na huenda asingepatikana hata mtu mmoja wa kuuliza kama amechanjwa. Nchi za mbali zimejizungushia ukuta wa miezi minne au zaidi dhidi ya mbwa wa Pemba. Pemba yenyewe, ambayo imewahi kuufuta ugonjwa huu na kuupata tena kwa sababu ya kuingizwa kutoka nje, haina kinga ya namna hiyo kwenye fukwe zake.

Kwa nini miezi mitatu

Muda huo wa kungoja si urasimu mtupu. Virusi vya kichaa cha mbwa vinapoingia mwilini kupitia jeraha, husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huweza kuchukua majuma kadhaa au miezi, na kwa muda wote huo mbwa hula, hucheza na kulinda nyumba kama kawaida yake. Hakuna jicho la mkaguzi, hata liwe kali namna gani, linaloweza kumtambua. Virusi vinapofika kwenye ubongo hushuka kwenye mate, na mate hayo huanza kuambukiza, wakati mwingine siku chache kabla ya dalili ya kwanza kuonekana.

Kwa sababu hiyo, chanjo inayotolewa siku ya safari haimsaidii mbwa aliyekwisha kuambukizwa, wala haijampa kinga yule ambaye hajaambukizwa. Kipimo cha damu huthibitisha kwamba chanjo imefanya kazi. Miezi mitatu ya kungoja hutoa nafasi ili mbwa aliyeambukizwa kabla ya chanjo aoneshe dalili akiwa bado kwao, si kule anakokwenda.

Uingereza ililijua jambo hilo kwa gharama. Ilikuwa imeutokomeza ugonjwa huu kufikia mwaka 1902, lakini mwaka 1918 mbwa walioingizwa na askari waliokuwa wakirejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza waliurudisha. Ilichukua hadi 1922 kuuondoa tena. Kwa miongo mingi baadaye, mbwa aliyetoka nje aliwekwa karantini kwa miezi sita, mpaka utaratibu wa chipu, chanjo na kipimo cha damu ulipoanza kushika nafasi hiyo mwaka 2000.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Micheweni ni wa kisiwa cha Flores, nchini Indonesia. Kisiwa hicho hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, mbwa walipoletwa na wavuvi kutoka Sulawesi. Haikuwa meli kubwa wala biashara ya wanyama. Ilikuwa safari ya kawaida ya wavuvi waliorudi na mbwa wao. Ugonjwa haujaondoka Flores tangu wakati huo.

Pemba iliushinda, kisha ikalegea

Pemba ina habari yake yenyewe, nayo imeandikwa kwa uangalifu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao walifuatilia kila tukio la kung'atwa na kila mbwa aliyeshukiwa kisiwani kati ya mwaka 2010 na 2020, wakasoma pia vinasaba vya virusi vilivyopatikana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2023 katika jarida la eLife, yalionesha kwamba mwaka 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Kampeni za chanjo ya mbwa za kila mwaka, zilizoanza kwa kusuasua na kuimarika kadiri zilivyoendelea, ziliikata minyororo yote mitano kufikia Mei 2014. Idadi ya mbwa wagonjwa, ya watu walioumwa na ya waliokufa ilishuka kwa pamoja.

Kisha chanjo ikasimama. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa kisiwani mara mbili, vikawakuta mbwa wasio na kinga, na mlipuko ukazuka upya. Kampeni za kisiwa kizima ziliporejeshwa, mlipuko huo ulizimwa Oktoba 2018.

Funzo la miaka hiyo ni wazi. Kuingia kwa virusi peke yake hakukutosha kuleta mlipuko. Kilichouleta ni virusi kuingia mahali ambapo chanjo ilikuwa imelegea. Cheche iliyoanguka kwenye makuti makavu huwasha nyumba. Iliyoanguka kwenye makuti yaliyoloa huzimika yenyewe.

Bandari moja, madiko mengi

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ya tatizo hili ni ukaguzi mkali bandarini. Shauri hilo ni jema, na cheti cha chanjo kinapaswa kudaiwa kwa kila mbwa anayeshushwa Mkoani au Wete. Lakini Micheweni ni wilaya yenye pwani ndefu. Tumbe, Msuka, Shumba Mjini na kwengineko, vyombo huingia na kutoka usiku na mchana kwa kufuata maji na upepo. Hakuna serikali inayoweza kuweka mkaguzi kwenye kila diko, na anayeleta mbwa wa kulinda konde lake la mihogo hajioni kuwa mwagizaji wa wanyama kutoka nje.

Kwa hiyo kinga ya kweli ya Micheweni haiko bandarini. Iko ndani ya miili ya mbwa ambao tayari wanaishi Micheweni. Kanuni inayokubalika duniani ni kwamba kila kampeni ichanje angalau asilimia 70 ya mbwa, na irudiwe kila mwaka, kwa kuwa ndani ya miezi michache mbwa wengine waliochanjwa hufa na watoto wa mbwa wasio na kinga huzaliwa. Kampeni inayorukwa mwaka mmoja si pengo dogo. Huacha kizazi kizima bila kinga.

Hoja tatu hutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba mbwa wa Pemba ni wachache, hivyo hatari ni ndogo. Minyororo mitano ya mwaka 2010 inatosha kuijibu. Uchache wa mbwa haukuzuia ugonjwa kuenea, bali unapaswa kuhesabiwa kuwa neema, maana kufikia asilimia 70 ya mbwa wachache ni kazi inayowezekana.

Hoja ya pili huguswa kwa sauti ya chini: jamii ya Kiislamu haipendi kumshika mbwa, basi nani atamleta kwenye chanjo? Ukweli ni kwamba mbwa wanaofugwa vijijini ni wa kulinda mashamba dhidi ya kima, wa kulinda mifugo na wa kuwinda, na sheria ya dini yenyewe imewaruhusu mbwa wa kazi hizo. Mbwa aliyeruhusiwa kulinda shamba ni haki apewe kinga ili asiwe hatari kwa watoto wa mwenye shamba. Na pale ambapo watu hawajazoea kumfunga mbwa kamba na kumpeleka kituoni, wachanjaji ndio wapite shehia kwa shehia, wakiongozwa na sheha anayejua kila nyumba yenye mbwa.

Hoja ya tatu ni fedha. Hii ndiyo hoja nzito, kwa sababu chanjo inayofaulu huficha ushahidi wa faida yake: ugonjwa ukiisha, bajeti ya kuuzuia huonekana kama anasa. Utafiti uliotajwa ulikadiria kwamba kuchanja mbwa kila mwaka, pamoja na kuwapa chanjo bila malipo watu walioumwa, hugharimu dola 1,657 kwa kila kifo kinachozuiwa, na huziepusha familia zaidi ya 30 za Pemba kila mwaka na mateso ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa. Kutibu watu peke yake kwa kila kifo kinachozuiwa ni rahisi zaidi, lakini tiba hiyo haikati mnyororo. Ni kuendelea kupangusa maji sakafuni bila kuufunga mfereji.

Swali linalopaswa kuulizwa kituoni

Duniani kote, kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo, ni miongoni mwa maradhi yanayozuilika kwa uhakika mkubwa.

Mtu aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kurambwa kwenye jeraha aoshe mahali hapo papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Jeraha lisitiwe udongo, tumbaku, kahawa wala mafuta. Kisha aende kituo cha afya siku ileile, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa alionekana mzima.

Mhudumu wa afya, kwa upande wake, asiishie kufunga jeraha na kutoa sindano ya pepopunda. Aulize mbwa ni wa nani, amechanjwa lini na, kwa kisiwa kama Pemba, ametoka wapi. Mbwa aliyeletwa kutoka ng'ambo katika miezi michache iliyopita ni habari inayostahili kumfikia ofisa wa mifugo siku hiyohiyo. Chanjo isingojee majibu ya uchunguzi. Kwa ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya kuchoma ndani ya ngozi, sindano hutolewa sehemu mbili za mwili siku ya kuanza, siku ya 3 na siku ya 7. Jeraha lililopenya ngozi huhitaji pia kingamwili zinazochomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Mbwa akiweza kufungwa na kuangaliwa, akabaki mzima kwa siku 10 kamili, chanjo inaweza kusimamishwa.

Naye mwenye mbwa anayepanga kuhama, awe mgeni anayerudi kwao au Mpemba anayekwenda kuanza maisha mapya Ulaya, aanze maandalizi angalau miezi sita kabla: chipu kwanza, chanjo baadaye, damu baada ya siku 30, kisha kungoja. Akiona hataweza, amtafutie mbwa mwangalizi na amwache akiwa na chanjo na cheti chake. Anayeleta mbwa Micheweni, hata kutoka Unguja, amchanje kule alikomtoa, angoje siku zisizopungua 21, na amjulishe sheha anapofika. Siku hizo hazimhakikishii mtu kwamba mbwa hakuambukizwa kabla, basi na amfunge na kumwangalia kwa miezi ya mwanzo.

Dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Pemba si miongoni mwa mahali panapohitaji kuthibitishiwa kwamba jambo hilo linawezekana, kwa kuwa imelifanya mara mbili. Kinachohitajika sasa ni chanjo ya mbwa ya kila mwaka iingizwe katika bajeti ya kawaida, kama ilivyo chanjo ya surua kwa watoto, bila kusubiri mtoto wa kwanza aletwe hospitali ya Micheweni akiogopa maji.