Vilima si Tatizo, Tatizo ni Kutoka Chaani

Wewe unayeishi Chaani, Migadini, Magongo au Port Reitz, nina swali. Mara ya mwisho kuvuka daraja la Mteza ilikuwa lini, na ulikuwa umekalia nini? Wengi najua jibu lao: ndani ya gari, safari ya Diani, kioo kimefungwa, simu iko juu inarekodi. Basi umepitwa na nusu ya uhondo. Barabara ya Dongo Kundu ilijengwa ili malori na watalii wasisumbuke na feri ya Likoni, sawa. Lakini kwa mtu wa baiskeli hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo iliyowahi kushuka upande wetu huu wa Makupa, na sisi tulio karibu nayo kuliko wote ndio tusioigusa.

Hebu nikuchoree njia. Kutoka Port Reitz unashika barabara ya Kipevu, ile inayozunguka nyuma ya uwanja wa ndege hadi makutano ya Mwache. Kipande hicho kilifunguliwa 2018 na ukinyoosha utatokea Miritini. Wewe usinyooshe, shika upande wa Kwale. Dakika chache tu unavuka Mwache pale maji ya mto yanapokutana na ya chumvi, mikoko huku na huku, na ile harufu ya matope ambayo kwangu mimi ni bora kuliko dizeli ya mtaani kwetu. Mito mitatu, Mwache, Cha Shimba na Mambone, yote huja kumwaga maji katika hori hii ya Port Reitz. Kwa hivyo tunapoambiwa kwamba mabonde na vilima ni vitu vya kufuata Naivasha, mimi hucheka. Bonde tunalo, ni kwamba tumelipa mgongo.

Mbele yake ni Tsunza, ambako watu walizoea kuja upande wetu kwa mashua. Halafu Mteza. Daraja lile ni refu, takriban kilomita 1.4, na ukiwa katikati yake ukigeuza shingo kushoto unaona kreni za bandari zimesimama kama twiga, kulia unaona vilima vya Shimba vimekaa kimya na ukungu wao wa asubuhi. Hapo juu upepo hauna adabu. Msimu wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, ukienda unaupokea usoni na unarudi ukisukumwa. Msimu wa kaskazi mambo yanageuka: unaenda kama bingwa, kisha unalipia wakati wa kurudi, jua likiwa limeshapanda na miguu imekwisha. Hilo fundi wa baiskeli hakwambii.

Barabara nzima ya Dongo Kundu ni kilomita 17.5, nayo inakutoa Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Wengi wanageuza hapo na si vibaya. Ila kama mapafu yako mazima, kata kulia, pita Waa mpaka Kombani, kisha kulia tena. Hapo ndipo Kwale inapoanza kukuita. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari na wewe umetoka kwenye mikoko, kwa hivyo zote hizo utazilipa kwa magoti. Kilima chenyewe hakina haraka. Kinapanda, kinakupa tambarare fupi ya kukudanganya, unaona minazi na mikorosho, unasema nimefika, kisha kinapanda tena. Ukifika juu kunywa chai, kula mahamri, geuka nyuma uitazame bahari. Kutoka Chaani kwenda na kurudi ni kama kilomita 80. Usijaribu siku ya kwanza.

Njia ya pili ni ya Mazeras, Rabai hadi Kaloleni, juu ya migongo ya vilima na bonde la Kombeni likiwa chini yako. Rabai ndiko Krapf na Rebmann walikoweka kituo chao 1846, na makaya ya Wamijikenda, ya Warabai yakiwemo, yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Njia tamu mno. Lakini ili uifikie lazima upite Miritini hadi Mazeras pamoja na matrela ya kwenda Nairobi, na hilo siwezi kumshauri mtu ninayempenda.

Sasa tuongee ukweli. Mbona hatuendi? Watu husema ni pesa. Pesa ni ngumu, mimi chuo niliacha kwa sababu ya karo, sihitaji kufundishwa ugumu wa pesa. Lakini baiskeli ya mtumba yenye gia haizidi bei ya simu ambazo naziona mikononi mwenu. Wengine watasema ni aibu, na hapo ndipo tunakaribia. Mtaani baiskeli ni ya muuza maji, ya mkate, ya mzee na blakmamba yake. Ukinunua, beshte wako anauliza kama mambo yamekuwa mabaya. Tumesahau kuwa hata bodaboda ilianza ikiwa baiskeli, kule mpakani Busia. Upande mwingine kuna wale wa Jumapili, nguo za kubana na miwani, baiskeli imebebwa juu ya gari hadi kwenye lami nzuri. Sina neno nao, wanasalimia vizuri. Lakini ukiwatazama unaanza kuamini kwamba kuna baiskeli ya shida na baiskeli ya starehe, na kijana wa Chaani anaruhusiwa ile ya kwanza pekee.

Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985 na akajifunza baiskeli pale Kikuyu kwa David Kinjah, mwenye rasta, pamoja na vijana wa kijijini. Baadaye akashinda Tour de France mara nne, ya kwanza ikiwa 2013. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio hizo 2024. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na dunia nzima ikaona vilima vya Rwanda vinavyotesa wakubwa. Kwa hivyo usiniambie huu ni mchezo wa watu wengine.

Sababu kubwa ninayoiona mimi ni nyingine kabisa, nayo haina uhusiano na Kwale wala kilima. Ni zile kilomita za kwanza. Kutoka mlangoni kwako hadi lami ile ya Dongo Kundu unapita kati ya matrela ya kontena na malori ya mafuta, mengine yameegeshwa pembeni pale pale ambapo wewe ungepita, kwa hivyo unalazimika kuingia katikati ya barabara huku nyuma yako kuna tani thelathini na dereva ambaye hajalala. Mwaka jana mtaani kwetu tulizika kijana aliyekuwa akisambaza mikate kwa baiskeli. Hakuwa kwenye matembezi, alikuwa kazini, saa kumi na mbili asubuhi. Mama yake hadi leo akiniona nikitoa baiskeli hunyamaza tu.

Ndiyo maana yule wa Jumapili anabeba baiskeli juu ya gari. Anajua. Ananunua usalama wa zile kilomita za kwanza kwa gari lake. Wewe na mimi hatuna gari, kwa hivyo mandhari yaliyo mbele ya macho yetu yanafikiwa kwa urahisi na mtu wa Nyali kuliko mtu wa Port Reitz. Hilo linaniudhi kuliko kilima chochote.

Kwa hivyo nikisikia watu wakizungumzia mashindano ya baiskeli ya kuvutia watalii, fulana na vikombe, nauliza: na njia ya kutoka mtaani je? Anza na matrela yaondolewe pembeni. Weka njia ya baiskeli yenye ukingo wa zege, maana rangi peke yake trela hailioni, kutoka Chaani na Magongo hadi makutano ya Mwache. Anayenufaika kwanza ni muuza mikate, mwanafunzi, na mfanyakazi wa bandarini anayetembea kwa sababu nauli imekwisha. Sisi wa kwenda kutazama vilima tutapita nyuma yao. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti vipo kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mara nyingi wanaokwenda ni wazee wachache na wanaosubiri soda. Nendeni mkaseme hili moja tu, mlirudie mpaka liandikwe.

Kina dada, najua pia kuna vijiwe na midomo yake. Nendeni wawili watatu, na ukiwa kwenye daraja hakuna kijiwe.

Mimi Jumapili natoka Port Reitz saa kumi na mbili kasorobo, kabla matrela hayajaamka. Beba maji lita mbili, pampu, tyubu ya akiba, taa ya nyuma na pesa ya mahamri. Kama unaanza, tutageuzia Mteza. Na ukipata pancha kabla ya Tsunza, sogea mbali na lami ukae, nitakukuta.