Mvua Ikinyesha, Nani Afunge Bomba?

Ndugu msomaji, leo naomba nianze kwa kuungama kosa. Jioni moja ya mwezi wa Aprili nilirudi nyumbani kutoka kazini, nikamwita kijana wangu wa miaka kumi, nikamwambia achukue ndoo akamwagilie mchicha. Mtoto alisita kidogo, kisha akasema kwa adabu: “Lakini baba, mchana mvua imenyesha.” Huko mjini nilikokuwa halikudondoka hata tone, na amri ya nyumba yetu ilikuwa kwamba matuta hupewa ndoo sita kila jioni. Nikamjibu kuwa sikumwuliza habari za mvua. Mtoto akanyamaza, akateka ndoo sita, akazimwaga. Juma lile mvua iliendelea, na amri nayo iliendelea. Mwisho wake maji yakatuama kati ya matuta, na majani ya mchicha yakageuka manjano.

Kisa hicho kilinirudia moyoni nilipokuwa nikisoma habari za jimbo la Florida, huko Marekani. Kosa nililolifanya mimi kwa ndoo, wenzetu wa huko walilifanya kwa mitambo, na kwa kiasi kikubwa hata ikabidi litungiwe sheria.

SAA ISIYOJUA MVUA

Katika miji ya Florida nyumba nyingi za familia huzungukwa na uwanja wa nyasi. Chini ya nyasi hizo hulazwa mabomba, na kutoka katika mabomba hayo hutokeza vinyunyizio vinavyorusha maji huku na huko. Kazi yote huongozwa na saa ya umeme iliyotundikwa ukutani. Mwenye nyumba huipanga mara moja tu: siku fulani, saa kumi alfajiri, kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo hakuna haja ya kuikumbusha. Wakati ukifika, umeme mdogo wa volti 24 hupita katika nyaya, vali hufunguka, na maji huanza kuruka, hali mwenye nyumba bado yumo usingizini.

Uzuri wa mtambo huo ndio ubaya wake. Saa inajua wakati, lakini haijui hali ya hewa. Kama hakuna aliyeizuia, hufungulia maji siku ya jua kali na hufungulia vile vile wakati mvua inanyesha.

Na Florida si nchi kame. Kwa mwaka hupata mvua ya takriban milimita 1,350, nayo ni zaidi ya ile ya Dar es Salaam, ambayo ni takriban milimita 1,100. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka kati ya Juni na Septemba, mara nyingi nyakati za alasiri pamoja na ngurumo. Lakini udongo wa huko kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, haushiki maji kwa muda mrefu, ndiyo maana watu wakazoea kumwagilia. Maji yenyewe kwa wingi huvutwa kutoka chini ya ardhi, katika tabaka la mwamba wa chokaa liitwalo Floridan, ambalo ndilo linalolisha chemchemi mashuhuri za jimbo hilo. Kila lita inayorushwa juu ya nyasi zilizokwisha kulowa ni lita iliyotolewa humo bure.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika nyumba za sehemu ya kati ya jimbo hilo. Waliona kwamba asilimia 64 ya maji yote yaliyotumika katika nyumba hizo yalikwenda kumwagilia nje. Kunywa, kupika, kuoga na kufua, vyote viligawana yale yaliyobaki.

KIFAA CHENYE MOYO WA KIZIBO

Dawa iliyopatikana ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, nacho huitwa kihisi-mvua. Msomaji akisikia jina hilo aweza kudhani kuwa ndani yake mna maarifa makubwa. Sivyo. Kihisi cha aina ya kawaida kina visahani vyembamba vya kitu kinachofyonza maji, kama vile gome laini linalotumika kutengenezea vizibo vya chupa. Mvua ikinyesha, visahani hivyo hunywa maji na kuvimba. Vikivimba husukuma kijiti, na kijiti hubonyeza swichi. Swichi ikibonyezwa, umeme wa kwenda kwenye vali hukatika. Saa ya ukutani huendelea kuhesabu kama kawaida, lakini amri yake haifiki.

Jua likiwaka na upepo ukivuma, visahani hukauka polepole na kusinyaa, kama udongo nao unavyokauka. Vikisinyaa, swichi huachiliwa, na kazi ya kumwagilia hurudia mahali pake. Mwenye nyumba aweza kukirekebisha kifaa hicho kisimamishe maji baada ya mvua ndogo ya milimita 3, au kingoje mvua kubwa hadi milimita 25.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo kile kile walichapisha majaribio waliyoyafanya mjini Gainesville, katika vipande vya nyasi na katika kipindi cha mvua za kutosha. Vipande vilivyokuwa na kihisi-mvua vilitumia maji pungufu kwa asilimia 34 kuliko vile vilivyoachiwa saa peke yake. Basi theluthi nzima ya maji iliokolewa na kizibo kinachovimba.

KUWEKWA SI KUTUMIKA

Sheria ya Florida ilitamka kwamba kila anayenunua na kufunga mtambo wa kumwagilia unaojiendesha wenyewe, kuanzia Mei 1991, sharti aufungie kifaa cha kuuzuia wakati wa mvua. Ungedhani mambo yalikwishia hapo. Lakini sheria hiyo baadaye iliandikwa upya, na sasa inamtaka mwenye mtambo si kukifunga kifaa tu, bali pia akitunze na kukitumia.

Sababu ya maneno hayo si ngumu kuielewa. Kihisi kilichofungwa chini ya upenu hakipati mvua. Kilichofungwa karibu na kinyunyizio hulowa kila siku, kikasimamisha maji hata wakati wa kiangazi. Kilichofunikwa na matawi huchelewa kulowa na huchelewa kukauka. Visahani navyo huchakaa kwa miaka ya jua, visiweze tena kuvimba. Zaidi ya hayo, mitambo mingi ina kitufe cha kukiruka kihisi. Mtu akikibonyeza siku moja kwa haja fulani, kisha akasahau, saa hurudi kutawala kama zamani. Ndiyo maana mafundi hushauri kwamba mara kwa mara mwenye nyumba afungulie vinyunyizio, kisha akibonyeze kijiti cha kihisi kwa kidole aone kama maji yatakoma. Ni kazi ya dakika moja, lakini sharti afanye mtu.

Hapo ndipo lilipo funzo, ndugu msomaji. Kihisi hakikumwondolea mwanadamu wajibu wa kuangalia, kilimsaidia tu. Asiyeangalia atakuwa na saa inayomwaga maji na kifaa kilicholala juu ya paa, vyote viwili vikiwa mali yake, na hasara iwe yake pia.

HESABU YA NDOO

Huenda ukasema kwamba sisi wenye matuta mawili ya mboga nyuma ya nyumba hatuna saa ya umeme wala vinyunyizio. Ni kweli. Lakini amri isiyobadilika ni saa pia. Mzazi aliyesema “kila jioni ndoo sita” ndiye saa, na mtoto mwenye ndoo ndiye vali. Tofauti ni kwamba vali haina mgongo wa kuuma.

Kipimo cha mvua nacho hakihitaji fedha. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mfano wa kopo la maziwa ya unga, uliweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Mvua ikikatika, tumbukiza rula ya mtoto ya shuleni usome milimita. Kisha kumbuka kanuni hii moja: milimita moja ya mvua katika eneo la meta moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji.

Matuta yangu yana meta za mraba 12. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, yamekwisha pata lita 120. Ndoo ya lita 20 huingia mara sita katika hesabu hiyo. Kwa maneno mengine, mvua yenye kipimo hicho humaliza kazi yote ya mtoto kabla baba hajashuka kwenye basi. Mtoto wangu hakuwa na kopo wala rula, lakini alikuwa na macho. Alikuwa ndiye kihisi-mvua cha nyumba ile, nami nikakibonyeza kitufe cha kumruka.

Ukisha kusoma kipimo, lifudikize kopo, kwani maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu. Kisha chimbua udongo kwa kidole hadi kifundo cha pili. Ukiwa na unyevu, iache ndoo. Mizizi inayokaa katika maji hukosa hewa ikaoza, na mbolea nayo huzama chini isikofikiwa na mmea.

Wakazi wa Dar es Salaam hawatakuwa wamesahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mji ukaingia katika mgao wa maji. Wakati ule hakuna aliyeuliza thamani ya ndoo sita. Ndoo iliyonunuliwa kwa mwenye mkokoteni, au iliyotekwa na mama alfajiri, ina thamani ile ile hata wakati wa masika.

Nyumbani kwangu amri ya zamani imefutwa. Sasa mtoto hutazama kopo kwanza, hutia kidole udongoni, kisha huja kuniambia kama leo tunamwagilia au hatumwagilii. Jioni nyingi za masika huniambia “hatumwagilii,” akaketi na daftari lake la shule. Mchicha umerudia rangi yake.

Wiki hii, ndugu msomaji, mtoto wako akikuambia kwamba mvua imenyesha, toka nje kwanza ukatazame udongo.